Mwili Umetoka Hospitali, Akili Bado

Mgonjwa aliyeingia chumba cha wagonjwa mahututi akatoka akiwa hai huhesabiwa kuwa amepona. Ndugu humshukuru Mungu, majirani huja kutoa pole, na jalada lake hurudishwa kabatini. Wiki chache baadaye, nyumbani huanza kuonekana mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Mtu yule halali usiku. Hushtuka mlango ukigongwa, husahau mchana alichoambiwa asubuhi, hulia bila kueleza sababu, au husimulia kwa yakini kabisa kwamba kule wodini kuna watu waliotaka kumuua. Nimonia imekwisha, malaria kali imekwisha, kifafa cha mimba kimepita, lakini akilini kumebaki jeraha. Hali hiyo inajulikana kitabibu na sababu zake zinaeleweka. Kwa walio wengi hupungua kadiri miezi inavyopita, na hupungua upesi zaidi pale mgonjwa na watu wake wanapojua ni kitu gani wanachopambana nacho.

Ilichukua muda mrefu kwa madaktari wenyewe kuliona jambo hili. Uangalizi wa mahututi kama unavyojulikana leo ulianzia Copenhagen, Denmark, mwaka 1952, mlipuko wa polio ulipowapooza watu misuli ya kupumulia. Daktari wa nusukaputi Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa wapitishiwe mpira kooni na kupulizwa hewa kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wakapokezana zamu usiku na mchana kubana mifuko ya hewa. Wengi waliokuwa wamekatiwa tamaa wakaishi. Tangu hapo, kwa zaidi ya nusu karne, mafanikio ya vyumba hivyo yalipimwa kwa swali moja tu: nani yuko hai? Mwaka 2010 ndipo wataalamu walipokutana Marekani na kukubaliana kuyapa jina moja matatizo ambayo manusura walikuwa wakirudi nayo nyumbani: udhaifu wa mwili, kupungua kwa uwezo wa kukumbuka na kufikiri, na maumivu ya nafsi kama hofu, sonona na kiwewe. Walijumuisha pia mateso ya ndugu waliokuwa wakisubiri nje.

Tanzania, vyumba vya mahututi vyenye vifaa vilikuwa kwa miaka mingi katika hospitali chache kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 5,600 waliolazwa katika vyumba hivyo kwenye hospitali nne za rufaa: Muhimbili, KCMC, Bugando na Mbeya. Takribani 41 kati ya kila 100 walifariki. Namba hiyo husomwa kwa upande wa waliokufa, na ni haki, kwa kuwa inatisha. Lakini upande wake wa pili kuna watu zaidi ya elfu tatu waliotoka wakiwa hai, na maisha yao baada ya kuvuka geti la hospitali hayakuwa sehemu ya hesabu. Hakuna mtu wa kulaumiwa kwa hilo. Hospitali iliyozidiwa na wanaokufa haina nafasi ya kuwafuatilia waliopona. Hata hivyo idadi ya manusura itaongezeka. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa takribani shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19 na athari zake, na sehemu ya fedha hizo ilijenga majengo ya dharura na ya wagonjwa mahututi katika hospitali za mikoani.

Tena, mgonjwa mahututi si lazima awe amelala ndani ya chumba maalumu. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2025, uliohusisha karibu wagonjwa 20,000 katika nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba mgonjwa 1 kati ya 8 waliolazwa alikuwa mahututi, na kwamba takribani 7 kati ya 10 ya hao mahututi walikuwa kwenye wodi za kawaida. Kwa hiyo habari hii inawahusu pia waliolazwa katika hospitali za Litembo, Liuli, Mbinga au Peramiho, kusini mwa Tanzania, waliowekewa oksijeni katika kona ya wodi huku wagonjwa wengine wakitazama.

Kwa mtu wa Mbamba Bay, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kuna jambo jingine linaloongeza uzito, nalo ni safari. Kutoka ziwani hadi Mbinga ni takribani kilomita 66 za kupanda milima ya Umatengo. Barabara sasa ni ya lami, na wanaokumbuka matope ya masika ya zamani wanajua maana yake kwa mgonjwa. Kutoka Mbinga hadi Songea ni kilomita nyingine kama 100. Akihitaji zaidi, hupelekwa Mbeya au Dar es Salaam. Safari hiyo mgonjwa mahututi huisafiri bila kujitambua. Kumbukumbu yake ya mwisho ni jasho na baridi ya homa juu ya mkeka nyumbani Kilosa ya Nyasa au Liuli. Kinachofuata ni dari nyeupe, mlio wa mashine, na sauti za watu asiowafahamu wakiita jina lake. Katikati pana siku tano, kumi, pengine zaidi, ambazo hazipo. Siku hizo zilizopotea ndizo chanzo cha mengi yatakayomsumbua baadaye.

Ubongo wa mgonjwa mahututi hauzimiki kabisa. Unaendelea kupokea vipande vya mambo, lakini katika hali mbaya mno. Maambukizi yamesambaa kwenye damu, oksijeni imeshuka, figo zinasuasua, sukari inapanda na kushuka. Dawa za kutuliza kama diazepamu na midazolamu hulegeza mwili, lakini huongeza uwezekano wa mgonjwa kuchanganyikiwa. Ketamini, inayotumika sana katika hospitali zetu kwa sababu ni salama kwa upumuaji na bei yake inavumilika, huweza kuleta maruweruwe. Juu ya hayo, hakuna usiku. Taa zinawaka saa zote, kengele za mashine hazinyamazi, na kila baada ya muda mtu anamgeuza, anamchoma sindano au kumfyonza makohozi. Matokeo yake ni kuweweseka. Miongoni mwa wagonjwa wanaopumuliwa na mashine, tafiti zimekuta hali hiyo kwa watu wengi sana, mahali pengine hadi 8 kati ya 10.

Kuweweseka kuna sura mbili. Ya kwanza huonwa na kila mtu: mgonjwa anapayuka, anang'oa dripu, anataka kushuka kitandani aende nyumbani. Ya pili ni ya kimya. Mgonjwa amelala ametulia, macho yamefumbuka nusu, akiitwa anaitika kwa kuchelewa, na ndugu husema afadhali leo ametulia. Ndani ya utulivu huo anaweza kuwa katikati ya jinamizi kubwa. Sura hii ya kimya ndiyo hutokea zaidi na ndiyo hupita bila kutambuliwa.

Ubongo ukipewa vipande visivyoungana huviunga wenyewe, na huviunga kwa hofu. Mpira ulio kooni humfanya mgonjwa aone anakabwa. Mikono iliyofungwa kwa bandeji pembeni mwa kitanda, ili asijing'oe mpira, humwambia kwamba ametekwa. Wahudumu waliovaa barakoa na magauni hugeuka kuwa watu waliofunika nyuso. Kuwekewa mpira wa mkojo kunaweza kubaki kichwani kama kumbukumbu ya kunajisiwa, na manusura wengine wamebeba siri hiyo kwa miaka kwa aibu ya kuisema. Kusukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kupigwa picha kunaweza kukumbukwa kama kupelekwa kuzikwa. Kumbukumbu za namna hii huwa na nguvu ya ajabu. Mambo halisi ya wodini, kama jina la muuguzi aliyemhudumia, mgonjwa huyasahau. Lakini jinamizi hubaki na rangi yake, sauti zake na harufu zake, wazi kuliko jambo la jana. Watafiti wa Uingereza waliowafuatilia manusura walikuta kwamba waliobaki na maruweruwe tu, bila kumbukumbu yoyote ya kweli ya kuyasawazisha, ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kiwewe.

Mgonjwa anayesimulia mambo hayo hasemi uongo, wala hajarukwa na akili. Anasimulia kile ambacho ubongo wake ulikiona. Kumkatalia kwa ukali, au kumcheka, humfunga mdomo, na akishafunga mdomo hubaki peke yake na watu wale waliofunika nyuso.

Nyumbani, dalili hujitokeza kidogokidogo. Hofu ndiyo hutangulia: moyo kwenda mbio, kuogopa kulala kwa kudhani hataamka, kuogopa kubaki peke yake chumbani. Mlio mdogo wa simu unaofanana na wa mashine ya wodini unaweza kumtoa jasho mtu aliyeketi kwa amani akila ugali. Wengine hukwepa kila kinachokumbusha, ikiwemo kliniki yenyewe, hivyo wanaacha dawa za presha au kisukari na kurudi hospitali wakiwa na hali mbaya zaidi. Sonona huja polepole. Mtu hana hamu ya chakula, hana hamu ya mazungumzo, anasema ni mzigo, anasema bora angekufa. Katika tafiti za Ulaya na Marekani, ambako ndiko walikofuatiliwa zaidi, karibu theluthi moja ya manusura huwa na hofu iliyopitiliza au sonona katika mwaka wa kwanza, na kama 1 kati ya 5 hupata kiwewe chenyewe. Umri mdogo, historia ya sonona kabla ya ugonjwa, na dawa nyingi za usingizi wakati wa kulazwa huongeza hatari. Ukubwa wa ugonjwa wenyewe hauelezi sana. Aliyelazwa siku tatu anaweza kuumia nafsi kuliko aliyelazwa mwezi, na si haki kumpimia mtu maumivu yake kwa siku za kitandani.

Upande wa kumbukumbu na fikra, utafiti uliofanywa Nashville, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013 uliwashtua wengi. Katika wagonjwa 821 walioanza kufuatiliwa, miezi mitatu baada ya kutoka hospitali, 4 kati ya 10 ya waliopimwa walikuwa na uwezo wa kufikiri unaolingana na wa watu walioumia kichwa kwa kiwango cha kati. Hawakuwa wazee peke yao, vijana walikuwamo. Kadiri mtu alivyoweweseka siku nyingi zaidi hospitalini, ndivyo matokeo yake yalivyokuwa mabaya zaidi mwaka mmoja baadaye.

Pwani ya Nyasa hakuna anayepimwa kwa karatasi za maswali. Hasara hii huonekana kazini. Mama anayenunua dagaa alfajiri mitumbwi inapotia nanga, akaanika, akauza kwa madebe kwa wafanyabiashara wa Mbinga, alikuwa akizibeba hesabu zote kichwani: nani amelipa nusu, nani amekopa, usafiri umekula kiasi gani. Sasa anahesabu fedha zilezile mara tatu na kila mara jibu ni tofauti. Mkulima wa kahawa anafika kwenye chama cha msingi akiwa amesahau kilo alizopeleka mara iliyopita. Fundi wa nyavu anaanza kushona, anasimama, hajui alikuwa anaelekea wapi. Kwa nje mtu huyo ni mzima. Anatembea, amenenepa, anasalimia. Ndiyo maana huitwa mvivu, au husemwa kwamba amezoea kuhudumiwa. Ni hukumu isiyo ya haki, na humwumiza mtu ambaye tayari anajilaumu.

Kwa watoto, Afrika Mashariki ina ushahidi wake yenyewe. Jijini Kampala, katika Hospitali ya Mulago, watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani. Miaka miwili baadaye, karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika kufikiri au kukumbuka, zaidi ya mara tatu ya ilivyokuwa kwa watoto wenzao wa mtaa uleule. Katika mwambao ambao malaria ni ugonjwa wa kila msimu, mwalimu wa shule ya msingi anayeona mtoto aliyekuwa mwepesi amekuwa mzito baada ya kulazwa ana sababu ya kuuliza alilazwa kwa nini, kabla ya kunyanyua fimbo.

Hatari kubwa kuliko zote katika jamii zetu ni tafsiri. Mgonjwa amerudi, anasema aliona watu wakimkaba usiku, na mmoja wao alikuwa na sura ya shangazi. Kwa mazingira ya mgonjwa mahututi, kuona sura inayofahamika ndani ya jinamizi ni jambo la kawaida. Kwa familia yenye ugomvi wa shamba, ni ushahidi wa uchawi. Fedha iliyobaki baada ya bili hupelekwa kwa mganga, mzee asiye na hatia hutengwa, na mgonjwa mwenyewe hukosa tiba. Sala na maombi huwapa wengi nguvu, na hakuna sababu ya kuyapinga. Tatizo huanza pale mtu anapoambiwa aache kliniki, au pale jina la mtu linapotajwa. Viongozi wa dini wa mwambao huu wanaaminiwa, na neno lao moja kwamba maruweruwe ya wodini hayamshuhudii mtu yeyote linaweza kuokoa uhai.

Ndugu nao huumia. Kwa kawaida huingia mmoja mmoja, kwa muda mfupi, na saa nyingine zote hukaa nje kwenye benchi au chini ya mti, wakisubiri kuitwa. Kuitwa kwenyewe kunatisha, kwa sababu aliyeitwa kabla yao alitoka analia. Waliosafiri kutoka ziwani hulala kwa wenyeji au nje ya wodi, mtumbwi au mbuzi ameshauzwa, na watoto wameachwa kwa bibi. Mgonjwa akipona, mlezi huyu hutarajiwa kufurahi tu. Mara nyingi ndiye asiyelala, anayeamka usiku kusikiliza kama mwenzake anapumua, na ndiye anayebeba deni ambalo mgonjwa hajaambiwa.

Mashariki mwa Kongo kulitokea funzo kuhusu ndugu na chumba cha mgonjwa. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki inayoonyesha, ambamo daktari aliweza kumhudumia mgonjwa kutoka nje kupitia mikono ya glavu iliyojengwa ukutani. Familia ilisimama upande wa pili ikamwona mtu wake na kuzungumza naye. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi miaka michache kabla, wagonjwa wengi walikuwa wameingia nyuma ya uzio na kutoweka machoni pa watu wao, na uvumi ukajaza nafasi. Zaidi ya watu 1,100 walipona katika mlipuko huo wa Kongo, na baadhi yao waliajiriwa kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa, kwa kuwa wao walikuwa na kinga. Walirudi vijijini wakiwa na kazi na heshima, jambo ambalo kwa manusura anayenyooshewa kidole ni tiba.

Kinga ya matatizo haya huanzia wodini, na sehemu kubwa yake haihitaji mashine. Kupunguza dawa za usingizi mara hali inaporuhusu, kuzima taa za ziada usiku, kumpa mgonjwa miwani yake, kumwambia kila asubuhi leo ni siku gani na yuko wapi, kumkalisha na kumnyoosha viungo mapema, na kumruhusu ndugu akae karibu amshike mkono na kuzungumza naye kwa lugha ya nyumbani. Sauti ya mtu anayesema Kinyasa au Kimatengo hupenya mahali ambapo Kiswahili cha haraka cha zamu ya usiku hakifiki.

Njia nyingine ni daftari. Katika nchi za Skandinavia, na baadaye Uingereza, wauguzi na ndugu huandika kila siku, kwa maneno mepesi, yanayompata mgonjwa asiyejitambua, naye hukabidhiwa akipona. Utafiti wa nchi 6 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliopewa daftari mapema walipata kiwewe kipya kwa asilimia 5, dhidi ya asilimia 13 ya waliocheleweshewa. Utafiti mwingine, wa Ufaransa, mwaka 2019, haukuona tofauti. Ushahidi basi haujakamilika, lakini gharama yake ni daftari la shule na kalamu, na faida nyingine ni dhahiri: zile siku zilizopotea zinapata mwenyewe. Ndugu anaweza kuandika hivi: "Jumanne. Usiku ulianza kupumua kwa shida, gari likakutoa Mbinga kuja hapa. Nilikaa nawe njia nzima. Umewekewa mpira kooni wa kukusaidia kupumua, kwa hiyo huwezi kusema. Mikono wameifunga usiung'oe. Mjomba amepiga simu, nyavu zimetolewa majini salama." Mistari sita ya namna hiyo hueleza kukabwa, kufungwa na kutekwa kwa pamoja.

Kama daftari halikuandikwa, simulizi bado linaweza kutolewa. Ndugu waliokuwapo wakae na mgonjwa, pale atakapotaka mwenyewe, wamweleze kwa mpangilio tangu siku alipozidiwa. Hospitali inayoruhusu manusura kurudi baada ya miezi miwili mitatu, akaonyeshwa kitanda alicholalia na kuzisikia zile mashine akiwa mzima, humsaidia kutenganisha kilichotokea na alichoota. Nyumbani, usingizi wa saa zilezile kila siku, matembezi yanayoongezwa kidogokidogo, na kazi inayorudi kwa vipande vina nafasi kubwa. Muuza dagaa aandike hesabu kwa muda, au akae na mtoto anayesoma. Mvuvi asirudi kuvua usiku kwa taa kabla usingizi haujakaa sawa. Ziwa lenye upepo wa mwera halimsubiri mtu mwenye mawazo mazito. Pombe ya kutafutia usingizi huongeza sonona na kuvuruga usingizi wenyewe.

Asiyepata nafuu baada ya wiki kadhaa, au anayesema hataki kuishi, anahitaji mtaalamu, na anayetaja kujiua apelekwe siku hiyohiyo bila kuachwa peke yake. Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya. Dodoso fupi la maswali tisa la kupima sonona limetafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio Tanzania, na mhudumu aliyefunzwa hulimaliza kwa dakika chache. Kutoka hapo rufaa huenda hospitali ya wilaya au ya mkoa Songea, na zipo dawa za sonona na mazungumzo ya kitabibu yanayosaidia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024, hupita nyumba kwa nyumba, na swali moja la ziada kwa aliyewahi kulazwa mahututi lingewafikia watu ambao hawatafika kliniki kamwe.

Hilo litawezekana iwapo mhudumu atajua nyumba ipi ina mgonjwa wa namna hiyo. Kwa sasa anayetoka hospitali ya rufaa hurudi ziwani na karatasi yenye jina la ugonjwa na orodha ya dawa. Ikiongezwa mistari miwili, kwamba alikuwa mahututi siku kadhaa, aliweweseka au hakuweweseka, na kwamba apimwe usingizi, kumbukumbu na sonona baada ya miezi mitatu, muuguzi wa Mbamba Bay atakuwa na pa kuanzia.